Ng'ombe Aliyefukizwa Udi

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo alikuwa amekaa muda mrefu bila kushika mimba. Tuliishi Huruma, karibu na mto. Baba alifanya kazi kiwandani, mama akiwauzia majirani maziwa, mpaka maziwa yenyewe yakakauka. Baba akachoka kulisha mdomo usioleta kitu.

"Huyu ng'ombe wako asiposhika safari hii, ataenda Burma," alisema. Burma ndilo soko la nyama pale Shauri Moyo, na baba hakuwa mtu wa mzaha akitaja nyama.

Mama alikuwa na mpango wake. Alikuwa amesikia kwamba serikali inawasaidia wafugaji wawe wa kisasa. Kila asubuhi bwana mifugo alipita na Land Rover, amebeba mbegu ya fahali wa gredi, wale wa uzao wa maziwa mengi, ndani ya mtungi uliotoa moshi wa baridi, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali. Kazi yako ilikuwa kumfunga ng'ombe kando ya barabara siku anapotaka dume. Ukichelewa, shauri yako.

Asubuhi ng'ombe alipoanza kulia bila kutulia, mama alirukaruka kama msichana. Kosa lake ni kwamba alimwambia jirani. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Mombasa, mpambaji wa maharusi, na hakujua kufanya jambo nusunusu.

"Shoga, unampeleka kwa mume hivi hivi? Na kinyesi mkiani?"

"Mume mwenyewe hayuko. Ni bomba tu la serikali."

"Maskini! Basi ndiyo apambwe zaidi!"

Ng'ombe akaogeshwa. Akapakwa hina kwenye pembe na kwato. Akafunikwa leso, akafukizwa udi, wanawake wa ploti nzima wakipiga vigelegele. Mimi ndiye niliyeshika chetezo, na sijapata kufurahia harusi nyingine kama ile, hata yangu mwenyewe.

Katikati ya vigelegele tukasikia honi ya Land Rover. Mama akashika kamba akavuta, sisi tukasukuma kwa nyuma, lakini bibi harusi hakuwa na haraka. Tulipofika barabarani, gari lilikuwa limeshaanza kuondoka. Niliona uso wa mama ukinywea, nikajua anaiona Burma.

Jirani akachomoka, akasimama katikati ya barabara, akatandaza leso yake kwa mikono miwili.

"Pita juu yangu!"

Gari likafunga breki. Bwana mifugo akashuka amenuna, akamkaribia ng'ombe, akanusa, akatazama zile pembe.

"Mama, huyu ananukia kuliko bibi yangu," alisema, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akavaa glavu yake ndefu akafanya kazi yake.

Ng'ombe hakulia tena kutaka dume; alikuwa ameshika mimba. Miezi tisa baadaye akazaa ndama jike, mweusi mwenye mabaka meupe, na mama akamkumbatia ng'ombe wake shingoni akalia kwa furaha. Maziwa yalikuja mengi, hata tukaazima sufuria za jirani.

Wiki hizo mchinjaji kutoka Burma alikuja kuulizia ng'ombe ambaye baba alimwahidi zamani. Alimkuta baba mlangoni, mzigo wa nyasi begani, jasho likimtoka.

"Yule ameolewa na serikali," baba alimwambia. "Wewe unataka nifungwe?"