Mtikisiko wa Gari la Nestori

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Kibondo, sikushika hata spana. Fundi Mkuu, mzee mnene mwenye sauti kama honi ya lori, alinipa bisibisi ndefu akaniambia niweke ncha yake kwenye injini na mpini wake sikioni, nisikilize mpaka atakaponiita. Aliniita saa kumi alasiri. Wiki nzima nilisikia ngurumo hata mke wangu aliponisalimu.

"Dizeli haifichi ugonjwa," alinifundisha mzee yule, "ila haitaki kuulizwa na mtu mwenye haraka."

Ninyi vijana mnachomeka kompyuta inawaambia. Sisi tulikuwa na masikio, viganja na makalio, maana mtikisiko mwingine huusikii mpaka ukae kitini. Swali la kwanza: gari linatikisika likitembea tu, au hata likisimama? Likitikisika barabarani tu, nenda kwenye matairi na propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma. Likitikisika limesimama kwenye sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagiwa mafuta, ugonjwa uko mbele. Hapo unalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Nozeli ndiyo inayopuliza dizeli ndani ya silinda. Ukilegeza na injini ikayumba, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na injini isijali, umempata mvivu.

Kwa njia hiyo nilitibu magari mengi kuliko nywele nilizowahi kuota. Nikamaliza masomo ya jioni nikiwa na watoto wanne, nikahamishiwa Kasulu. Huko baridi ya asubuhi inagandisha chai ikiwa bado ndani ya birika. Dizeli huamka vibaya kwenye baridi hiyo, inatetemeka na kutoa moshi mweupe, ikipata moto inatulia. Gari la Nestori halikutulia.

Nestori alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa Munanila, mpole, anayepunguza mwendo hata akiona kuku anafikiria kuvuka. Wagonjwa walilalamika kwamba gari linawatikisa mpaka meno. Mkuu wa Usafirishaji, bwana aliyevaa tai hata karakanani, alikwishaamua kwamba Nestori ameua injini kwa kuikimbiza kwenye mashimo ya njia ya Kibondo. Akanipa fomu ya ukaguzi. Kwenye nafasi ya chanzo cha ubovu niandike uzembe wa dereva, Nestori aondoke.

Nestori alinifuata amevua kofia. Alinieleza kwamba shamba lake halitoshi hata mahindi ya msimu, na dereva aliyefukuzwa kwa uzembe hapati usukani mwingine kutoka Buhigwe mpaka Kakonko.

"Kaka, kama nimeiua mimi, andika," akasema. "Lakini iangalie kwanza."

Nikaiangalia. Nililegeza nati zote sita, na kila moja ikaiyumbisha injini. Hakuna mvivu. Nestori akatia gia, akabana breki, akaachia klachi kidogo, mimi nimeinama natazama. Injini iliyokalia mipira mizuri, ile inayoitenga na bodi ili imeze mtikisiko, hucheza kidogo, kama mtu aliyeketi kwenye godoro. Hii haikusogea hata unene wa ukucha. Imetulia kama bibi harusi, na bodi ndiyo inayocheza ngoma.

Nikaingia chini na tochi. Mpira wa kushoto ulikuwa mgumu kama gogo, na bado una kashata za tairi la lori, yale meno yanayokamata barabara. Mpira huo niliukata mimi. Miezi kadhaa nyuma vipuri vilichelewa, nikachonga kipande cha tairi, nikakipachika, nikajisifu mpaka mgahawani. Kwetu tairi la lori ni kandambili, ni kamba ya mzigo, ni bawaba ya mlango wa banda; nikaona linaweza pia kuwa mpira wa injini. Lakini lina nyuzi na waya ndani. Halimezi mtikisiko, linaupeleka wote kwenye bodi.

Hakuna aliyekumbuka kazi ile isipokuwa mimi, na barua ya kunipandisha kuwa Fundi Mkuu ilikuwa njiani. Nilikaa chini ya gari lile muda wa kutosha kuota mizizi.

Mkuu wa Usafirishaji aliisoma fomu mara mbili.

"Umeandika jina lako hapa."

"Ndiyo, Mkuu. Dereva hana kosa. Kosa ni langu."

"Unajua barua yako iko mezani kwangu?"

"Najua."

Akatia saini. Cheo alipewa mwingine, nami nikasubiri miaka mitatu iliyokuwa mirefu kama thelathini. Mpira halisi ulipofika tuliufunga mimi na Nestori. Akawasha, akakaa kidogo, kisha akaniuliza kama injini imezimika.

Sasa nimestaafu, na mafundi huja kuniuliza mtikisiko gani ni mgumu kuupata. Nawaambia ni ule ulioufunga mwenyewe, kwa sababu mikono yako ndiyo unayoishuku mwisho. Kabla hujaandika jina la dereva, lala chini na tochi, utazame kazi ya mwisho iliyofanyika pale.

Nestori naye alistaafu mwaka jana. Alishuka kwenye usukani kwa miguu yake mwenyewe, siku aliyoichagua.