Bimu ya Kengele

Mimi ndiye yule mzee wa Kibakwe aliyebomoa baraza la mbele ya kanisa kwa kupiga kengele, na kama mmekisikia kisa hiki mkacheka, chekeni tu, ila mlichosikia ni nusu.

Neema ni binti wa marehemu mdogo wangu, mhandisi, yuko Dodoma mjini, na tulipotaka kujenga baraza lenye bimu ya kubebea kengele mpya (miaka yote tuligonga rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mwarobaini), mimi mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ndiye niliyesema kazi apewe yeye. Akanitumia kwenye simu mchoro wa kompyuta unaoonyesha bimu inavyolemewa, mstari unapanda na kushuka kama kilima, na chini yake akaandika: "Baba mkubwa, huu usiutumie. Programu imepima sehemu chache tu ikaziunganisha kwa mistari, na mahali pa kengele pako katikati ya sehemu mbili, kwa hiyo kilele cha mzigo wake hakionekani. Naongeza vipimo, kesho nakutumia mwingine."

Kesho! Mafundi wamekwisha kuja, saruji iko chini, na mimi niliyefika kidato cha nne (fizikia nilifaulu, msinidharau) nikaona mstari ni mstari, nikamwonyesha fundi hicho kilima kifupi.

"Mzee, si amesema tungoje?"

"Wewe unamjua Neema kuliko mimi niliyembeba mgongoni? Kilima chenyewe ndicho hiki, nondo nene za nini?"

Akaweka nyembamba. Kesho yake mchoro ukaja kweli, na pale penye kengele kilele kimechomoza kama mwiba wa mgunga, lakini zege lilikuwa limeshamwagwa, nikamjibu "Asante mwanangu" nikaitia simu mfukoni.

Siku ya uzinduzi nikapewa heshima ya kuvuta kamba, nimevaa suti niliyomwozea binti yangu, nikavuta, ikalia vizuri hata akina mama wakapiga vigelegele, nami kwa kulewa sifa nikavuta tena kwa nguvu zaidi, juu kukasikika mlio, kaa!, lipu ikanimwagikia kichwa kizima, bimu ikapinda, na kengele ikashuka ikaketi mbele ya miguu yangu (hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu).

"Mzee katoka mashineni kusaga!" mtu akapaza sauti, watu wakaangua kicheko, mpaka walipoinua macho wakaona ufa.

Mchungaji akauliza, "Nani aliyechora hii?"

Neema akasimama katikati ya wageni, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa shule ya kata waliomwahidi kazi ya kuchora madarasa. "Ni mimi, mchungaji." Kisha akanitazama. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na onyo lake lote ndani, nami nikajifanya nakohoa vumbi la lipu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote, lakini madarasa alikwisha kupewa mwingine, na maungamo yangu hayakufika kote ilikofika aibu yake. Siku hizi Neema hunipigia simu sikukuu tu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu anaaga.

Mchoro wa mtu sitaugusa tena mpaka mwenyewe aseme umekwisha. Tumelirudia rimu letu la lori, na likigongwa asubuhi hakuna anayeniuliza kitu, lakini mimi huingia kanisani kwa mlango wa pembeni.