Theluji Iliyotuzuia Kwenda kwa Mama Feza

Enzi zetu kule milimani juu ya Uvira, utabiri wa hali ya hewa ulikuwa na vituo viwili: mama yangu, na mdogo wake, Mama Feza, aliyekaa ng'ambo ya ua. Mihogo ikiwa imeanikwa mikekani, Mama alisimama mlangoni, akanusa upepo, akapaza sauti: "Mvua inakuya! Ingizeni mihogo!" Tuliutupa mpira wetu wa majani ya migomba, tukakimbia na mikeka vichwani, vumbi la mihogo limetujaa masikioni. Mama Feza alimcheka: "Dada, ile ni moshi tu!" Leo alipatia huyu, kesho yule. Aliyekosea, watoto wa mwenzake walimkimbilia kuokoa mihogo yake, na jioni tulikula ugali sinia moja.

Siku hizi mimi ni mtu wa Euless, hapa Texas, na mtabiri wangu, simu, anakaa mfukoni. Mama Feza naye amefika Alief, kule Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Yeye na Mama hawajaonana tangu vita viwatawanye, kwa hiyo nilimwahidi Mama kumpeleka Jumamosi. Akapiga pasi kitenge chake kabla hata sijamaliza kusema.

Alhamisi simu ikaanza kulia. Theluji! Asubuhi ilikuwa ya kunyunyiza, jioni ramani nzima ya Texas ilikuwa zambarau kama biringanya. Sisi tuliokuzwa kwa ugali tukagombania mikate dukani. Nilimwaga chumvi yote ya jikoni kwenye ngazi ili barafu isigande, kama malori yanavyomwaga barabarani, na sombe, majani yetu ya mihogo, tukaila bila chumvi. Mwanangu, ambaye akiguswa na manyunyu anaomba kupelekwa kwa daktari, alivaa pajama ndani nje ili theluji ije. "Dad, it works! Everybody does it!" Huyo ndiye msomi wetu wa sayansi.

Nikamwambia Mama hatutaweza ku-drive. Alitoka nje barazani, akanusa, akarudi ndani mnyonge.

"Hii neige, hii theluji, siyui harufu yake," alisema, akiniachia uamuzi. "Weye njo unayua."

Jumamosi mchana, saa ya kuanza safari imeshapita, jua liliwaka kama limelipwa. Kwenye televisheni mtabiri, meno yote nje, alieleza kwamba dhoruba imepita kaskazini. Mama alikuwa ameketi barazani na kitenge chake, anaongea na Mama Feza kwa video.

"Feza, angalia. Kwetu jua."

"Hata huku, dada. Jua tupu."

Wakaonyeshana mbingu mpaka simu ikazima. Niliona aibu, nikaenda kufagia chumvi yangu ngazini. Zamani hatukuwa na ramani ya rangi yoyote, na watabiri wetu walikosea kila wiki. Lakini walipokosea wote wawili, tulilowa pamoja.