Maana za “Set” Nilizomtungia Baba Mkwe

Nichekeni tu. Juzi nilikwenda Kinampanda kujitambulisha kwa kina Neema, mchumba wangu. Baada ya shikamoo, baba yake akanipa fimbo tupure alizeti pamoja.

“Mwalimu wa Kiingereza,” akaniuliza, “neno ‘set’ lina maana ngapi? Na limetoka wapi?”

Utamwambiaje baba mkwe hujui?

“Tatu, mzee. Limetoka Ureno.”

“Tatu tu?”

Nikaongeza mbili, nikalihamishia Uarabuni, mwisho hata mimi sikujua nimefika wapi. Nikazidi kupiga alizeti.

Mzee akamwita Neema. Neema akatoka ndani na kamusi nene, macho chini.

“Maana zake zimejaza kurasa,” mzee akasema, “na Ureno haimo. Jana binti yangu alinisomea zote. Nilitaka kusikia kama unaweza kusema hujui.”