Ilipokuwa Bekari

Eladio Brenes alihamia mjini kwetu Heredia kutoka mji wa Limón, friji lake nyuma ya pikapu, akitafuta nyumba aliyoipanga kwa simu. Bi Hortensia, mwenye nyumba, alimwelekeza hivi: "Kutoka ilipokuwa bekari, mita mia mbili kusini, geti la kijani."

"Bekari iko wapi, mama?" akaniuliza, mimi nikiwa dirishani kwangu.

"Iliungua zamani, baba."

"Sasa nitajuaje ilipokuwa?"

"Mbona kila mtu anajua!"

Akazunguka mtaa mzima, friji likiyumba, sisi madirishani hatuna mbavu. Geti lenyewe alishalipita. Siku hizi ni jeupe. Mwishowe Bi Hortensia akatoka kumwita.

Kesho yake, kwa hasira, Eladio akapaka getini namba kubwa, 47. Mtaani kwetu hakuna nyumba nyingine yenye namba.

Jana nilimsikia akimfokea muuza gesi kwenye simu: "Namba arobaini na saba! A-ro-ba-i-ni na saba! Husikii?"

Kisha akashusha sauti, akageukia ukuta.

"Haya, bwana. Ni kwa yule mjinga aliyezunguka na friji."

Gesi ilifika kabla hajakata simu.