Hatua za Mataruma

Mimi hakuna kitu cha kunishtua tena. Nilianza na ndoo moja ya nyanya hapa Bura, leo nina duka la mawe na vyumba vinne vya kukodisha nyuma, na shule niliachia darasa la tano. Wenzangu wa enzi zile mnanijua.

Mnakumbuka reli ya Taveta ilivyokuwa uwanja wetu? Tulilaza sikio kwenye chuma tukasikia treni ingali mbali huko Mwatate. Tulishindana kutembea juu ya reli bila kuanguka, mkononi kipande cha kimanga cha jana, ule mseto wetu wa mihogo na maharagwe, kikavu lakini kitamu. Kwenda shule tulikanyaga mataruma, yale mabao mazito yanayobeba reli, yaliyokaribiana, moja baada ya jingine, mpaka miguu ikazoea. Baba yangu alikuwa wa genge la kutengeneza njia. Alituambia kila mara, "Pimeni kutoka kwa reli. Yenyewe haihami."

Basi nilipopata ploti kando ya reli, treni zimeshakoma, sikuita mpimaji. Nimlipe wa nini na miguu ninayo? Baba alishanionyesha kuwa ardhi ya reli inaishia hatua hamsini za mtu mzima. Nikahesabu hamsini, nikaongeza kumi za ubishi, nikajenga.

Mwaka huu wakaja kuigeuza reli yetu njia ya kutembea na baiskeli. Msichana wa kupima akaniomba nitembee kama siku ile nilipopima. Nikatembea kwa madaha. Akatazama miguu yangu.

"Mzee, mbona hatua fupi hivi? Ulijifunzia wapi kutembea?"

Nikaitazama mwenyewe. Utu uzima wote huu, miguu bado ilikuwa inakanyaga mataruma. Mke wangu akakaa juu ya gunia la mahindi. Utepe ukavutwa, jasho langu la miaka yote likiufuata, ukaja ukasimama mlangoni kabisa. Zile kumi za ubishi zimeniokoa. Ngazi tu ndiyo ilikuwa imevuka mpaka.

Siku hizi vijana wanapita na kofia ngumu, simu zinawahesabia hatua, salamu hakuna, ila soda wananunua. Hesabu yao haikosei, nakubali. Lakini sisi tulijua nani anakuja kwa sikio tu, na sasa chini ya murram ile, changarawe nyekundu waliyoimwagia njia, hakuna cha kusikia.

Ngazi nimeihamishia ubavuni. Mfuko mmoja wa simenti na fundi wa siku moja: shilingi elfu mbili, mia tatu na hamsini.