Jiwe la Fasi la Tata Muamba

Kanuni ya foleni niliitunga mimi, Mado, muuza mikate wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na sina aibu nayo hata leo. Hakuna jiwe, hakuna fasi. Fasi ndivyo tunavyosema Kolwezi tunapotaka kusema nafasi. Tangu mwezi wa tatu wa mwaka 1993, sisi tulioitwa watu wa Kasai tulikuwa tumefukuzwa majumbani, tumemwagwa gare, yaani stesheni ya treni, na magodoro na kuku wetu, tungoje treni ya kutupeleka "kwetu". Huko kwetu wengi hatukuwahi kukuona hata kwenye picha. Treni ilikuja mara moja kwa mwezi, ikipenda, na zamu ya upande wetu ilikuwa bado. Bila foleni tungeuana wenyewe kwa wenyewe na kuwapunguzia kazi waliotufukuza.

Basi upande wetu wa gare kila familia ilileta jiwe moja. Nilikuwa na kopo dogo la rangi ya bluu, nikaandika jina juu ya kila jiwe, tukayapanga mstari mmoja kutoka reli hadi chini ya kilima cha udongo uliomwagwa zamani wakati wa kuchimba njia ya treni. Ukienda kutafuta maji, jiwe linabaki. Ukiugua, jiwe linabaki. Siku ya kupanda treni unalileta mlangoni, unanikabidhi, unaingia, nami nitafuata wa mwisho. Sufuria sikukubali, maana sufuria ina miguu, leo iko hapa kesho iko mbele. Mwezi wa sita nilimrudisha nyuma mjane mmoja aliyeweka sufuria, naye alilia, nami sikugeuka. Na hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Kijana mmoja aliyejaribu alipigwa miiko na wanawake wanne, na mmoja wa hao wanne nilikuwa mimi. Rangi ilipoisha nikafunga foleni kwenye jiwe la sitini na moja.

Jiwe la thelathini na mbili lilikuwa la Muamba.

Tata Muamba, na kwetu tata ni baba, alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye shingo iliyoinama kwa kuangalia chini. Alizaliwa Kolwezi. Baba yake alishushwa na treni kwenye gare hiyohiyo enzi za Wabelgiji kuja kuchimba shaba, na sasa mwana alisubiri kupandishwa humo kama mzigo uliorudishwa kwa mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake mgodini ilikuwa kutembea juu ya kingo za shimo kubwa kila asubuhi, kabla mashine hazijashuka, akitafuta nyufa. Kambini tulimcheka sana. Tulisema kuna mtu analipwa kutazama udongo, na mkewe Blandine lazima anampikia udongo vilevile. Shuleni tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Muamba hakuziba ufa hata mmoja. Yeye aliupima. Alipigilia kijiti huku na kijiti kule, akavuta kamba juu yake, na kitu hicho aliita témoin, yaani shahidi. Ufa ukipanuka, shahidi anasema, na wachimbaji wanatolewa.

Kisha mgodi wenyewe ukaanza kufa. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine, mishahara ikakatika, na watu wenye njaa wakatafuta wa kumlaumu. Walitupata sisi. Muamba alitolewa nyumbani kwake asubuhi, na shati la kazi mwilini.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi. Haikuwa kubwa, ilituliza vumbi tu, na tuliifurahia. Upepo wake ndio ulikuwa mbaya, kwa hiyo watu wengi wakasogea na vitambaa vyao vya hema hadi miguuni mwa kilima, kwenye kinga. Familia kama arobaini zilijibana pale, na nusu ya mawe yangu yalikuwa palepale. Muamba alipanda kilimani peke yake, akakaa huko muda mrefu, akateremka na matope hadi magotini.

"Mama Mado," akaniambia, "hapa haiko fasi ya kulala. Bantu batoke ku miguu ya mulima."

"Baende wapi, Tata?"

"Kule ku kiwanja. Pima urefu ya mulima mara mbili, njo fasi ya kulala."

"Kule mupepo inapiga batoto. Na mvua yenyewe ni kidogo, imepita."

"Mvua ya kwanza njo ya bongo," akasema, na kwetu bongo ni uongo.

Akanieleza, nami nilisikiliza kwa sikio moja, nina mikate kwenye mafuta. Kiangazi kizima udongo ulikauka na kupasuka. Mvua ya kwanza haikai juu, inaingia kwenye nyufa, inashuka mpaka ikute tabaka gumu lililokauka, na pale inatengeneza utelezi. Juu ya utelezi huo sasa umekaa udongo uliolowa, mzito kuliko jana. Na hauanguki mvua ikinyesha, wakati watu wanaogopa. Unaanguka baadaye, jua likiwaka na watu wakirudi kuanika nguo.

Nikamjibu kwamba tumeshakimbia watu, hatuwezi kukimbia na udongo pia. Walionizunguka walicheka, na yeye akatikisa kichwa kidogo, akaenda kwenye foleni, akainama, akanyanyua jiwe lake.

Nilishtuka nikaacha mkate ukaungua. "Tata Muamba, ukitosha ile jiwe ku mustari, fasi yako inakufa."

"Najua."

"Chukua ingine jiwe."

"Ingine iko wapi? Yote iko mafiga. Na jiwe bila rangi, batoto batacheza nayo, mama moja atapikia. Ya fasi, hakuna mutu anagusa."

Blandine mkewe akamfungulia kamba ya mzigo wao. Mimi ningempiga mwiko.

Muamba alifunga jiwe kwa kamba hiyo. Juu ya kilima, upande wa mbele wa ufa aliouona huko, alipigilia kijiti, akafunga kamba, akaivusha juu ya ufa hadi kwenye mti wenye panda upande wa nyuma, na jiwe likaning'inia hapo lenye jina lake la bluu. Kando akachomeka fimbo yenye alama. Ilikuwa rahisi kuelewa hata kwangu. Udongo wa mbele ukisogea utavuta kamba. Jiwe likipanda, mlima unashuka. Wanawake waliopita juu kutafuta kuni aliwazuia wasiende kundi. Mmoja mmoja, na mwingine asimame akimwangalia. Walinung'unika, lakini walitii, maana alisema bila kupaza sauti na hakuondoka njiani.

Balaa lilitoka kwa Blandine bila kukusudia. Mtu alimuuliza mumewe yuko wapi, akajibu, "Eko kule ku mulima na témoin wake." Vijana waliolinda kizuizi cha barabara, walewale waliotutoa majumbani, wakasikia. Témoin kwao ilikuwa neno la mahakamani. Walidhani Muamba ameficha shahidi kilimani, mtu anayeandika majina yao. Wakapanda watano na fimbo.

Pale juu walikuta mzee mmoja na jiwe linaloning'inia.

"Témoin iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Njo hii."

"Témoin ya nani?"

"Ya mulima," Muamba akasema. "Inaangalia kama mulima inatembea."

Kijana aliona anachezewa akili. Akainua fimbo aipige kamba. Aliyemzuia alikuwa Kisimba, Mkatanga mwenyeji kama wao, dereva wa mashine ya kuchimbia, ambaye kila siku mbili alituletea bukari, yaani ugali, chini ya koti bila kujali anayemtazama. Alikuwa amewafuata akihema.

"Acha hiyo kintu," Kisimba akasema. "Myaka kumi na moja nilichimba chini ya témoin ya huyu tata. Mara mbili alinitosha inje ya shimo, na mara mbili shimo ilianguka nyuma yangu. Ukiikata, weye njo utakuya kulala pale chini na bibi yangu atakupikia chakula ya matanga."

Kijana alishusha fimbo. Alilitazama lile jiwe, akauliza limepanda kiasi gani. Muamba akamwonyesha alama: kidole kimoja.

Siku ya nne mvua ya pili ikanyesha, hii ya kweli, mchana kutwa. Asubuhi iliyofuata Muamba alinijia, na safari hii hakuniita mama.

"Mado. Bidole bitatu."

"Umesemaka na bantu?"

"Nimesema. Hakuna mutu anatoka."

Niliinuka kwa hasira, nikazunguka vitambaani nikipiga kelele. Aliyenijibu alikuwa mzee Tshilombo, mwenye jiwe la thelathini na tatu, mgomvi ambaye kwa miezi saba hakupitisha siku bila kudai kwamba wa mbele yake amesogezwa. "Mi nitoke hapa, treni ifike, fasi yangu inabebwa. Unione mujinga?" Na wote walisema hivyo, kila mmoja kwa mdomo wake. Hawakuwa wakilinda kinga ya upepo hata kidogo. Walikuwa wakilinda mawe. Kanuni yangu ndiyo iliyowafunga miguu, na ningekuwa mwongo nikisema sikuona aibu.

Nilirudi nikamkuta Muamba amekaa, kichwa mikononi. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Myaka yote hii nilipima paka udongo, udongo tu. Bantu bakaanza kuitana majina mabaya ku kambi, mi nilipita pale kila siku. Ile ufa sikuiwekea témoin."

"Hiyo imeshaanguka," nikamwambia. "Hii bado. Simama, tuhamishe foleni."

"Bantu habatoke."

"Sikusema bantu. Nilisema foleni."

Nilienda kwenye jiwe la kwanza, nikaliinua mwenyewe, mimi niliyempiga mtu kwa kugusa jiwe. Nikalipeleka kiwanjani, hatua mia na sitini kutoka kilimani, na nikalisoma jina kwa sauti. Nikarudi, nikachukua la pili. Mwenye la pili aliruka akanifuata akipiga kelele, ameshika godoro. La tatu likamvuta wa tatu. Ilipofika zamu ya la kumi hakuna aliyengoja niguse lake. Muamba alisimama chini ya kilima, macho juu, akiruhusu familia moja ipite, kisha nyingine, wasikanyage kwa kundi, na mtu akirudi kuchukua sufuria alimzuia kwa kifua chake. Kati ya la thelathini na moja na la thelathini na tatu niliacha pengo la hatua moja. Si kwa huruma, ni kwa mazoea ya mkono. Pengo si jiwe.

Wote walinilaani. Upepo ulituchapa, watoto walilia, na kesho yake jua likatoka zuri, kilima kikakauka na kung'aa, kimya. Tshilombo alianza kufunga godoro lake arudi. Muamba alikwenda akakaa juu ya lile godoro. Mzee alimsukuma, akamtukana mama yake, naye alibaki amekaa.

Saa sita vijiwe vidogo vilianza kudondoka. Kisha sehemu yote ya mbele ikashuka kwa pamoja, haraka kuliko mtu anavyoweza kusema jina lake, ikafunika vitambaa vilivyobaki, mafiga yote, na choo tulichochimba. Ilikuja ikasimama hatua thelathini kutoka kwetu. Kijiti cha mbele kilikwenda nayo, kikavuta kamba, na kamba ikavuta jiwe. Tulihesabiana mara tatu. Alikosekana jogoo mmoja.

Muamba alilia mbele ya watu, bila kujificha, na Blandine akampangusa uso kwa kanga.

Treni ilifika baada ya siku kumi na moja, mabehewa ya mizigo, tukapewa moja. Kisimba alikuja kuaga. Alimuuliza Muamba nani sasa ataangalia kingo za shimo. "Weye," Muamba akamwambia. "Asubui, mbele bantu bashuke, na macho chini." Akampa kipande cha kamba kilichobaki.

Nilisimama mlangoni kupokea mawe. Mtu analeta, nasoma jina, natupa jiwe kando ya reli, anapanda. Behewa lilikuwa linajaa na wa nyuma waliliona. Thelathini na moja akapita. Akaja Muamba na Blandine, mikono mitupu.

"Jiwe?" Mdomo wangu ulisema wenyewe.

"Iko chini ya mulima. Kanuni ni yako, Mama Mado. Tutangoja ingine treni." Akamshika mkewe mkono, akasogea pembeni. Nilimkumbuka yule mjane wa sufuria niliyemrudisha nyuma.

Nyuma yake Tshilombo alisogea, akaniwekea jiwe lake mkononi.

"Soma," akasema.

Nililitazama. Mwandiko wangu mwenyewe, bluu: TSHILOMBO.

"Soma muzuri. Iko Muamba."

Nikasoma: "Muamba." Muamba na Blandine wakapanda. Tshilombo akabaki mbele yangu hana kitu, na mwanamke wa thelathini na nne, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha jiwe lake. Nikasoma: "Tshilombo." Wa thelathini na tano akatoa la kwake kwa ajili ya huyo mwanamke. Hivyo hivyo wakaja wote, kila mmoja akimlipia aliye mbele yake, nami nikisoma majina ambayo hayakuandikwa.

Wa sitini na moja hakuwa na mtu nyuma yake. Alisimama amefungua viganja. Nikamwita kwa jina lake, akapanda, nikapanda nyuma yake.